Ngamia wa Kirendille kubeba watalii: kazi yote iko kwenye tandiko

Karibu kila niliyemuuliza alinishauri ninunue ngamia wa Kisomali badala ya hawa wadogo wa Warendille, wafugaji wa kaskazini mwa Kenya, eti mtalii anapenda mnyama mrefu. Ushauri huo ndio unaotumaliza. Jike wa Kirendille akishapandishwa na dume wa Kisomali au wa Kipakistani kwa tamaa ya maziwa, unapata ndama mkubwa, lakini ule uvumilivu wa kiangazi unaanza kupungua zizini.

Wanaobeba wageni wangu ni madume waliohasiwa, wale ambao wangeishia buchani. Pesa zao ndizo zinazoniwezesha nisiuze mitamba mvua ikikosekana. Dume wa mbegu nabadilishana na jirani kabla binti zake hawajafika miaka 4, asije akawapanda.

Kupiga magoti na kufuata kamba wanafundishika. Tandiko ndilo lililonitoa jasho. Nililoazima lilitengenezwa kwa ngamia mpana, na safari ya pili tu nikakuta vidonda nyuma ya mabega. Watu wakaniambia niongeze magunia chini yake. Nikaongeza, likawa linayumba, nikakaza mkanda wa tumbo, nao ukachubua nyuma ya miguu ya mbele. Magunia hayatibu fremu mbaya!

Kilichosaidia ni mkaa. Ngamia wengi wa Kirendille ni weupe, kwa hiyo alama inaonekana vizuri. Nilisaga mkaa, nikaulainisha kwa maji, nikapaka upande wa chini wa mito yote ya tandiko, nikamtandika ngamia, nikampandisha kijana na kumtembeza dakika 10. Tulipovua, kulikuwa na mabaka mawili meusi ya ukubwa wa kiganja karibu na mabega, kwingine kote peupe. Yaani uzito wote wa mtu ulikalia hapo! Nikatoa nyasi kwenye mito ya mbele, nikajaza ya nyuma, fundi akabana upinde wa fremu, tukarudia. Mara ya 5 nilipata mistari miwili mipana kandokando ya uti wa mgongo, katikati pakiwa na nafasi ya vidole 4 isiyoguswa, na nundu iko huru. Mbao na fundi vilinigharimu elfu kadhaa, si pesa ya kulilia.

Usidhani umemaliza, maana nundu inanywea wakati wa kiangazi na tandiko lililokaa sawa mwezi wa tano linaanza kuchubua mwezi wa tisa. Napima kwa mkaa kila msimu.

Ndiyo maana pia natoka alfajiri na kuvua matandiko kufika saa 4 asubuhi. Ngamia anahitaji saa 6 au zaidi za kula migunga, na muda wa kucheua. Ukimtembeza mchana kutwa, nundu inaisha na vidonda vinarudi. Juu yake anapanda mtu mmoja tu, hata kama ni wachumba wanaotaka picha. Wa miaka 4 anabeba mtoto au mizigo myepesi, mtu mzima asubiri afike 6.