Kwenye ukungu hakuna mwenye njia, hata kama shemeji anabisha

Kila niliyemwuliza, kabla ya kuvuka bahari, nani humpisha nani kwenye ukungu alikuwa na kanuni yake mfukoni. Mmoja akaniambia nipandishe tanga hata kama upepo hautoshi kuzima kibiriti, maana chombo cha tanga hupishwa na chombo cha injini. Mwingine akaapa kwamba anayetokea kulia ndiye mwenye haki, uwepo ukungu usiwepo. Ukifuata ushauri wa namna hiyo utapata haki zako zote, ila utazidai ukiwa chini ya maji.

Linaloniudhi ni kwamba jambo hili limeandikwa wazi. Kanuni za kimataifa za kuzuia migongano baharini za mwaka 1972, zilizoanza kutumika 1977, zimetenga kanuni ya 19 kwa vyombo visivyoonana kwa sababu ya ukungu, mvua kubwa na mfano wa hayo. Humo hamna wa kupisha wala wa kupishwa. Habari za tanga na injini, kulia na kushoto, ni za vyombo vinavyoonana kwa macho. Msipoonana, meli ya mita mia tatu na mashua yangu ya mita tisa zina wajibu uleule: kwenda polepole, injini tayari kwa lolote, masikio wazi.

Ukungu ulitushukia tukiwa mbali na nchi kavu, mimi na shemeji yangu. Taa na rada tulishawasha, jaketi za kuokolea tulishavaa. Muda si mrefu rada ikaonyesha doa mbele yetu, kulia kidogo ya omo, yaani pua ya mashua, linakuja. Shemeji akasema, "Kata kushoto tumpitie mbali." Kwa macho ya nchi kavu hoja yake ina mantiki, na ndiyo inayozamisha watu. Chombo ulichokiona kwa rada tu, kikiwa mbele ya ubavu wako, usikikwepe kwa kugeukia kushoto, isipokuwa kama wewe ndiye unayekipita. Nikamtajia meli za abiria Andrea Doria na Stockholm, zilizogongana Julai 1956 karibu na kisiwa cha Nantucket, Marekani. Zote mbili zilikuwa na rada. Moja ikaenda kushoto, nyingine ikageuka kulia, watu 51 wakafa. Nikageuza kulia kwa nyuzi kama sitini hivi, si vile vinyuzi vitano vya aibu ambavyo hakuna rada itakayovigundua. Doa likateleza hadi ubavuni kushoto na kupotea nyuma ya tezi, mkiani mwa mashua. Shemeji akanyamaza, jambo ambalo si la kawaida yake.

Kazi ikaja na honi ya chombo cha pili. Hii haikuwa na doa lolote kwenye rada: mlio mmoja mrefu, miwili mifupi, mahali fulani mbele. Chombo cha injini kinachokwenda hupiga mmoja mrefu tu, angalau kila dakika mbili. Mrefu na miwili mifupi anaweza kuwa mvuvi, mwenye tanga, anayekokota mwingine, au asiyeweza kujiongoza. Kwa vyovyote, ukisikia honi mbele yako unapunguza mwendo hadi ule wa kukuwezesha tu kushika usukani, na ikibidi unasimama kabisa. Nikasimama.

Shemeji akakunja karatasi kama tarumbeta, akaenda omo, akaitia sikioni kwa lile pembe jembamba. "Kushoto!" Mlio uliofuata: "Kulia!" Mlio wa tatu, akasema uko juu. Alichokuwa akikisikia vizuri ni karatasi yenyewe ikikwaruza masikio yake. Ukungu hupotosha sauti, na mtu akishasema "kushoto" mwenzake naye huanza kuisikia kushoto.

Hapo nikabuni mchezo ambao hadi leo najivunia. Tunazima injini, kila mmoja anafumba macho, honi ikilia ananyoosha mkono inakotokea na kuugandisha hapo, bila neno. Kisha tunafumbua. Mara ya kwanza mikono ilitofautiana hadi tukacheka. Baadaye ikaanza kukubaliana, nikawa nasoma dira kwa kufuata mkono na kuandika nyuzi kwenye kiganja kwa kalamu. Sauti inakua, nyuzi hazibadiliki: dalili ya kugongana. Sikuichukulia kama uhakika, maana habari ya kubahatisha haifai kujengewa uamuzi, lakini ilinitosha kubaki pale pale.

Tena, ukisimama kabisa na honi yako inabadilika: milio miwili mirefu, katikati sekunde mbili hivi. Chombo kisichofika mita 12 hakilazimiki kufuata milio hiyo, mradi kipige kelele nyingine ya kusikika kila dakika mbili au chini yake, ila mimi sipendi kubahatisha. Yangu ni ya kupuliza kwa mdomo, ya bei ya chini kabisa dukani, na baada ya muda midomo ilikufa ganzi nikawa natoa sauti ya bata mgonjwa. Halafu nikagundua kwamba shemeji, kwa ushabiki wake wa saa, ananipulizisha sekunde ileile anayopuliza mwenzetu, kwa hiyo hakuna anayemsikia mwenziwe. Tukahamia kila dakika moja na ushei.

Akatokea ghafla, karibu kuliko nilivyopenda: boti ya mbao ya uvuvi, nyavu majini, mtu wa omo akitupungia mkono. Shemeji akauliza, "Haya, sasa nani anampisha nani?" Sasa swali lilikuwa na maana, kwa kuwa tumeonana. Anayevua hupishwa na mwenye injini, na mwenye tanga pia humpisha. Nikawasha injini, nikazunguka mbali na nyavu zake.