Nilichomuuliza mwalimu siku ya saba

Siku ya saba ya mafungo ya kimya ya kutafakari kwa njia ya Kibuddha, nilipopewa zile dakika chache za kuzungumza na mwalimu, nilitoa swali lililokuwa limenikaa kooni: mbona tunatazama tumbo likipanda na kushuka, ilhali Satipatthana Sutta, hotuba ya Buddha kuhusu uangalifu, inataja pumzi, tumbo halimo? Akasema, "Endelea kutazama." Nilitoka na uchungu.

Baadaye nilijifunza kwamba Mahasi Sayadaw wa Myanmar (1904–1982), aliyeieneza njia hiyo, alikuwa na hoja: mwendo wa tumbo ni elementi ya upepo, na kuzitazama elementi nne (ardhi, maji, moto na upepo) kumo katika sutta ileile. Hoja nzuri! Kwa nini nisingeambiwa siku ileile? Buddha mwenyewe aliwaambia Wakalama, watu waliomjia na mashaka kuhusu mafundisho mbalimbali, wasikubali jambo kwa sababu tu "huyu ni mwalimu wetu".

Zile ngazi 16 za maarifa, ambazo katika njia hii husemwa mtafakari huzipitia, na mojawapo ni hofu, bado zinanisumbua. Mpangilio wake ni wa wafafanuzi wa maandiko waliokuja karne nyingi baadaye, na mtu akishaambiwa kwamba hofu iko njiani, ataitafuta mpaka aione. Mimi niliiona. Sijui kama ilikuja yenyewe au niliiita.

Naendelea kukaa kutafakari kila alfajiri, dakika 40. Mafungo yajayo narudi kwa mwalimu yuleyule, na swali hilo.