Nilivyodai fidia baada ya kugongwa na gari

Wakisikia nililipwa fidia, watu huuliza kwanza kama tulifika mahakamani. Hatukufika. Madai mengi ya majeraha ya ajali za barabarani huishia mezani, kati ya aliyeumia na kampuni ya bima ya aliyemuumiza. Hakimu yupo tu kama kivuli: kila upande unapiga hesabu ya kiasi ambacho angeamuru, kisha mnavutana kuanzia hapo.

Mimi niligongwa nikiwa kwenye kivuko cha waenda kwa miguu. Mkono ulivunjika, goti likavimba. Dereva alisimama, akaita gari la wagonjwa, akanipa jina la kampuni yake ya bima. Ndugu zangu walimhurumia, wakaona vibaya "kumshitaki mtu mwema". Kisheria aliyekosea ni dereva, lakini anayelipa ni bima inayowakinga watu wengine barabarani, ile ambayo nchi nyingi humlazimisha kila mwenye gari kuikata. Wema wake haukupunguza haki yangu.

Bado nina plasta mkononi, ofisa wa bima akanipigia. Mpole kweli, pole zisizo na idadi. Alitaka nisimulie ajali huku akinirekodi, na alikuwa na kiasi mkononi "ili tulimalize hili mapema". Nilimwambia maelezo yangu nitayatoa kwa maandishi, na fedha tutazizungumza daktari akishamaliza kazi yake. Sikumwona kama adui. Ila ameajiriwa kufunga faili kwa gharama ndogo, na hata ukimjibu "salama tu" kwa adabu anapokujulia hali, jibu hilo linaweza kurudi siku moja kama ushahidi kwamba hukuumia sana.

Fedha za mapema huja na hati ya kumaliza madai. Ukishatia saini, kwa kawaida umefunga mlango, hata kama mwezi ujao daktari atasema unahitaji upasuaji. Mkono wangu uliunga vizuri, lakini goti liligoma, na kipimo kikaonyesha gegedu limechanika. Kiasi cha kwenye simu kilikuwa cha mkono peke yake. Ndiyo maana nilisubiri mpaka daktari alipoandika kwamba hali imetulia na kueleza kitakachobaki kuwa kasoro ya kudumu.

Kusubiri nako kuna mpaka. Kenya na Uingereza, kwa kawaida unayo miaka 3 kufungua kesi ya majeraha yaliyotokana na uzembe. Jimbo la Tennessee nchini Marekani linakupa mwaka 1. Na kuna jambo wengi hawalijui: mazungumzo na kampuni ya bima kwa kawaida hayasimamishi muda huo. Unaweza kuwa unabadilishana nao barua za heshima huku haki yako ya kwenda mahakamani inaisha. Tarehe ya mwisho niliiandika juu ya jalada la faili langu kwa kalamu nyekundu.

Ndani ya faili mlikuwa na ripoti ya polisi, stakabadhi za dawa na za nauli za kwenda kliniki, na barua ya mwajiri ikitaja mshahara nilioukosa. Hizo ni hasara zinazohesabika. Maumivu hayana stakabadhi, kwa hiyo niliweka daftari: leo nimeteremka ngazi kinyumenyume, leo nimeshindwa kuchuchumaa, leo nimelala bila dawa. Ndiyo, niliandika na siku nzuri pia. Daftari lenye kilio kitupu halisadikiki.

Halafu wakaja na hoja kwamba nilivuka nikitazama simu. Hoja ya namna hii haitolewi kwa kujifurahisha. Katika nchi nyingi, ukionekana una asilimia 20 ya kosa, fidia yako inakatwa asilimia 20. Na majimbo machache ya Marekani, kama Alabama na Virginia, sehemu ndogo tu ya kosa inaweza kukunyima yote. Kilichoniokoa ni kamera ya duka lililo mkabala na kivuko. Dada yangu aliomba picha zake mapema, na vizuri alifanya hivyo, maana kamera nyingi hufuta picha za zamani kwa kurekodi juu yake.

Hapo ndipo nilipotafuta wakili. Kwa jeraha dogo lisilobishaniwa nisingehangaika. Baadhi ya nchi humruhusu wakili kuchukua asilimia ya fidia, nyingine hukataza. Asilimia ikiruhusiwa, uliza kama inakokotolewa kabla au baada ya kutoa gharama za ripoti na mahakama. Tofauti yake si ndogo.

Wakili ndiye aliyesisitiza tulitaje jeraha la goti hilohilo nililolipata ujanani nikicheza mpira. Niliogopa. Akanieleza kwamba aliyekuumiza anakuchukua kama alivyokukuta: kama goti lilikuwa bovu na yeye akalizidisha ubovu, huko kuzidi ni deni lake. Kulificha, na rekodi za hospitali zipo, kungetia doa hata mambo yangu ya kweli.

Makubaliano yalipofikiwa, akajitokeza mdai nisiyemtarajia: bima yangu ya afya. Ilikuwa imelipia hospitali, na mkataba wake uliiruhusu kurudishiwa kutoka kwenye fidia. Wakili alijadiliana nao wakapunguza, kwa hoja kwamba nao wachangie gharama za kuipata fedha hiyo. Kama umetibiwa kwa bima, soma kifungu hicho kabla hujataja kiasi unachokidai, kwa sababu makato hayo yanatoka kwenye fungu lako.