Kompyuta kwenye IST, na mluzi uliowashinda mafundi

Kila fundi wa muziki wa magari niliyemuuliza hapa Dar alinijibu vilevile: kompyuta haikai kwenye gari, weka redio ya Android uendelee na maisha. Basi hili namwandikia mkaidi mwenzangu. Toyota IST yangu inapiga muziki kwa Raspberry Pi 4, kikompyuta kidogo cha bodi moja, na ukikaa kiti cha dereva unamsikia mwimbaji yuko katikati ya dashibodi, mahali ambapo hakuna spika yoyote.

Redio iliyokuja na gari ilikuwa ya Kijapani, FM inaishia 90, stesheni nyingi za hapa haishiki. Kuing'oa hakukuniuma. Pi nimeificha nyuma ya kile kidroo cha mbele ya abiria. Muziki unatoka kwenye simu kwa Bluetooth, unapita kwenye CamillaDSP, programu ya bure inayougawa: besi kwa sabufa, sauti za kati milangoni, kali kwenye twita, zile spika ndogo. Kisha unatokea kwenye kadi ya sauti ya USB ya chaneli 8, ile ya bei poa, kwenda kwenye amplifaya zilizo kwenye buti. Nyaya sielezi. Ila twita zitie kapasita ya kuzuia besi kabla hujaziwasha, maana kosa dogo kwenye faili la mipangilio linatosha kuzipelekea besi yote, na hapo utanunua nyingine.

Sasa mluzi. Injini ikiwa imezimwa, muziki safi kabisa. Ukiwasha, spika zinapiga mluzi, ukikanyaga mafuta nao unapanda. Fundi wa kwanza akasema ni altaneta, ile inayochaji betri injini ikiwaka, nikanunua chujio la waya wa umeme. Mluzi ukabaki palepale. Wa pili akaniuzia kapasita kubwa lenye taa za buluu, likapendeza sana kwenye buti, na mluzi ukaendelea. Wa tatu akasikiliza, akatikisa kichwa: "Bosi, hiyo kompyuta yako ndiyo inakoroma."

Usiku huo nilichukua pawabenki ya simu, nikaichomoa Pi kwenye umeme wa gari, nikaichomeka huko. Nikawasha injini. Kimya! Nikakanyaga mafuta mpaka jirani akafungua dirisha. Kimya. Kompyuta ni ileile, kadi ileile, amplifaya zilezile. Kwa hiyo haikoromi. Tatizo ni njia inayopitia umeme wake.

Amplifaya zimefungwa hasi kwenye bodi ya gari huko buti. Pi nayo ilikuwa imefungwa hasi kwenye bodi huku mbele. Katikati yao kuna waya za RCA, zile zinazobeba muziki, na ganda la RCA nalo ni hasi. Umekuwa mduara, na vurugu za altaneta zinapita humo humo mnamopita muziki. Chujio na kapasita havikati mduara.

Dawa yake ni konvata ya kushusha umeme, volti 12 kwenda 5, ambayo hasi ya kuingilia na hasi ya kutokea hazigusani ndani. Wauza duka wote watakuapia kwamba yao iko hivyo. Nilikwenda Kariakoo na mita yangu, nikaiweka kwenye mlio, yaani inalia ncha zake zikiunganika, ncha moja hasi ya kuingilia, nyingine hasi ya kutokea. Ikilia, rudisha. "Kaka, unanunua au unakagua?" Nikamwambia navifanya vyote. Nilizunguka maduka kadhaa hadi nikapata isiyolia, elfu hamsini na kitu, chini ya bei ya lile kapasita la taa. Hakikisha inatoa ampea 3, la sivyo Pi italegea.

Yule mwimbaji wa katikati ni hesabu nyepesi. Usukani uko kulia, twita ya kulia iko karibu na sikio kwa nusu mita kuliko ya kushoto. Kwa joto letu sauti inakwenda kama sentimita 35 kwa milisekunde moja, kwa hiyo ya kulia nikaichelewesha milisekunde 1.4, zifike sikioni pamoja. Futi kamba inatosha kuanzia, halafu funga macho usogeze kidogo kidogo. Abiria anapunjika, lakini mafuta naweka mimi.

Kuna waliosema kadi ya kumbukumbu ya Pi itakufa kwa kuzimwa ghafla. Hapo walisema kweli, ila kwenye raspi-config, menyu ya mipangilio ya Pi, kuna kitu kinaitwa overlay: ukikiwasha, Pi haiandiki chochote kwenye kadi, unakata umeme utakavyo. Maliza mipangilio yote kwanza, la sivyo kila asubuhi itakuwa imesahau.

Sauti naongeza kwa kitufe cha kuzungusha cha USB, Linux, mfumo unaoendesha Pi, inakiona kama kibodi. Linalobaki ni kusubiri: ukipiga stata Pi inajiwasha upya, na muziki unaanza nikiwa nishatoka getini. Mke wangu anasema redio ya zamani haikuwa hivyo. Namwambia ahesabu mpaka thelathini.