Ukingo wa kijito cha Amani

Jana mtoto wa kaka yangu alileta kopo la viluwiluwi kutoka mtaroni. "Shangazi, vyura wote hutaga majini?" Nikamwambia hapana, na papo hapo nikaukumbuka usiku ule wa masika kule Amani, kwenye msitu wa milima ya Usambara Mashariki.

Tulikwenda kuhesabu vyura wa miti, Leptopelis vermiculatus, kwenye kijito kimoja kinachoteremkia mto Sigi. Kabla ya kuingia msituni tulisugua mabuti kwa brashi mpaka tope lote likatoka, tukayatia dawa, maana ukungu unaoua vyura husafiri na tope. Dawa ya mbu mikononi ni mwiko: ngozi ya chura hunywa kila kinachoigusa. Tochi nayo hushikwa usawa wa jicho. Ukiishika kiunoni, macho ya chura hayakurudishii mwanga, utampita. Madume tuliwapata upesi, wakilia vichakani.

"Simama hapo hapo, mwanangu," mzee aliyetuongoza akaninong'oneza.

Jike alikuwa hatua mbili kutoka majini. Kijani kibichi, mgongo umejaa vistari vyeusi vilivyopindapinda. Alikuwa mkubwa, majike hufika sentimita 8, na dume aliyemng'ang'ania mgongoni hakufika hata 5. Alichimba kwa miguu ya nyuma, akizama kinyumenyume, akapumzika, koo likipwita, akachimba tena. Tope likamfika kwapani, kisha machoni. Mwishowe ukingo ukabaki laini, kana kwamba hapakuwa na kitu. Nilikuwa nimeshika kalamu muda wote huo, sikuandika neno.

Mayai ya jamii hii ni makubwa, meupemeupe; huko chini jua haliyafikii, hayahitaji weusi wa kuyakinga. Hungoja udongoni mpaka mvua iuloweshe, ndipo viluwiluwi hujinyonganyonga hadi kijitoni. Udongo ukikauka mapema, mayai hufa. Kwa hiyo miti ya ukingoni ikikatwa na kivuli kikaondoka, maji yanaweza kuendelea kutiririka na chura akatoweka.

Asubuhi nilirudi. Nyayo za mabuti yetu zilikuwa zimepanga mstari ukingoni, kule na huku. Tangu hapo tukawa tunapita juu ya mawe pale yanapopatikana, ingawa mawe hayapo kila mahali.

Nilimwambia mtoto arudishe kopo mtaroni. Alikwenda polepole, akiuliza kila hatua kama hapo chini pana mayai.