Ukiandike Juu Yangu

Bwana asifiwe, wapendwa. Wiki hii usingizi umenipaa, na kisa ni vidole vya kijana mmoja.

Alikuja kwangu Jumanne jioni, akaniamkia, lakini mkono hakunipa. Nikaona ncha za vidole vyake vyote kumi ni nyeusi ti. Alikuwa ametoka Huduma Centre, kile kituo cha huduma za serikali, kuchukuliwa alama za vidole, atafute cheti cha polisi cha tabia njema. Ada yake, shilingi 1,050, aliikopa kwa dadake. Kuna kampuni ya ulinzi inaandika watu, na bila cheti hicho hawakusikilizi. "Mwalimu, nimesugua kwa sabuni ya unga na ndimu, wino hautoki," akasema huku anacheka. Kisha kicheko kikaisha. "Cheti kitatoka na ile kesi. Niandikie barua."

Ile kesi wengi wenu mnaijua. Alikuwa na miaka 19, akashikwa na misokoto mitatu ya bangi mfukoni. Akalala seli, asubuhi mahakamani. Aliyelala naye alimwambia, wewe kubali tu yaishe. Akakubali. Hakujua kwamba kile "ni kweli" chake mbele ya hakimu ni hatia kamili, nayo huandikwa. Afisa wa probesheni alikuja mpaka nyumbani, akaketi na mamake jikoni, akauliza kwa chifu na kwa majirani. Kwa sheria ya Kenya kifungo cha nje, yaani probesheni, hakipungui miezi 6 wala hakizidi miaka 3. Yeye alipata mwaka 1, akaonywa kwamba akivunja masharti atarudishwa ahukumiwe kwa kosa lile lile. Hakuvunja. Siku alipomaliza tulimpigia vigelegele hapa hapa.

Nami nilimjibu nini Jumanne? "Nitaangalia." Nikamsindikiza hadi mlangoni.

Niliogopa, wapendwa. Nilijiuliza, nikiandika halafu akateleza, si watasema ni mwalimu fulani aliyemdhamini? Jina langu nililitunza kuliko nilivyomtunza yeye. Usiku nikafungua Filemoni, barua ambayo nimeifundisha mara nyingi sana. Paulo anamwombea Onesimo, mtumwa wa Filemoni, apokewe tena, wala hafichi kwamba "zamani alikuwa hakufai". Halafu anamwambia Filemoni, kama amekudhulumu au unamwia kitu, yaani unamdai, "ukiandike hicho juu yangu". Na anayeandika hivyo ni mfungwa, amefungwa minyororo! Hana cheti chochote cha tabia njema, lakini ndiye anayemdhamini mwenzake, tena kwa mkono wake mwenyewe: mimi nitalipa. Hakumwambia Onesimo, "Nenda, nitakuombea." Sisi hilo la kuombea tunalo tele, kwa kuwa halitugharimu.

Nisemeni na mimi, na niwaseme na ninyi. Akija mgeni kutoka mbali akashuhudia jinsi Mungu alivyomtoa kwenye unga wa kulevya miaka 20 iliyopita, tunampa maikrofoni na tunalia naye. Huyu wetu, mwaka jana aliondolewa kwenye zamu ya kukusanya sadaka, eti waumini wasikwazike. Nilikuwa kwenye kikao kile. Sikuinua mkono. Tunahubiri Wakolosai 2, kwamba hati ya kutushitaki imegongomewa msalabani, kisha tunaweka nakala yake kabatini kwa ajili ya mtoto wa jirani. Serikali ina faili lake kwa mujibu wa sheria. Sisi la kwetu tunalifungua kwa mujibu wa nini?

Vijana, msishangilie, nanyi mna lenu. Msokoto huisha kabla chai haijapoa. Alama za vidole zinabaki hata ukitaka kazi ya kulinda lango. Na ukikosa, kiri, lakini ukiwa mbele ya hakimu uliza kwanza unakiri nini. Mwite mzazi. Omba wakili.

Barua niliiandika Alhamisi. Kesi nimeitaja, sikuificha. Kwamba alimaliza mwaka wake bila doa nimetaja pia, na chini nikaweka jina langu na namba ya simu, wanipigie wao wenyewe. Alipoichukua, kucha zilikuwa bado na wino pembeni. Cheti hakijatoka, na ile kampuni huenda ikamkataa. Anajua kuchomea vyuma, na pikipiki anaendesha vizuri. Mwenye kazi anione Jumapili baada ya ibada.