Kilo 104 Nilizong'oa, Kilo 49 Nilizorudisha

Mwenye duka la nafaka alidhani nimemletea mahindi. Nilikuwa nimemwomba aniazime kwa jioni moja mizani yake ya chini, ile ya kupimia magunia, na nilipomwambia ni ya kupimia gari ninalotaka kulipunguza uzito kwa ajili ya mbio akaangua kicheko. "Gari zima, kaka? Hii inakomea kilo 500!" Nikamweleza kwamba tutapima gurudumu moja moja, mradi yale mengine matatu yawekwe juu ya mbao zenye kimo sawa na mizani, gari lisiegemee upande.

Kabla ya hapo nilikuwa nimelipeleka kwenye mizani ya malori. Ile inaruka kilo 20 kwa 20. Kwa mwenye lori la mchanga hiyo si kitu, lakini kwangu mimi kilo 20 ni tairi la akiba, jeki yake na spana zote.

Basi tukasukuma na kunyanyua mpaka giza likaingia. Mbele kushoto 258, mbele kulia 243. Nyuma kushoto 149, nyuma kulia 156. Jumla kilo 806, na katika hizo 501 zimekaa mbele. Niliziandika kwa chaki ukutani mwa duka na nadhani zipo mpaka leo.

Gari lenyewe ni Toyota Starlet EP82 ya milango mitatu, ya mwaka 1994, injini 4E-FE ya ujazo wa cc 1331. Kiwandani Japani injini hii ilihesabiwa nguvu za farasi 100. Hii yangu, kwa umri wake, sijui wangapi wameshakufa. Nilitaka kushiriki autokrosi, mbio za kushindana na saa kwenye njia ya udongo, kama zile nilizokuwa nikienda kutazama uwanja wa Jamhuri hapa Nairobi. Karibu kila rafiki aliniambia ninunue Subaru. Subaru ni gari zuri, sibishi, ila yenye turbo inapita kilo 1200, inakunywa mafuta, na ikivunja giaboksi unauza shamba. Starlet ikivunja kitu, nashuka Kirinyaga Road asubuhi na kabla ya chakula cha mchana nimerudi na spea mkononi. Tena ningekuwa kwenye kundi la magari yanayovutwa na magurudumu mawili, yasiyo na turbo, nipambane na wa saizi yangu.

Niliangalia Starlet tano kabla ya kununua. Sikuwasha injini ya hata moja kwanza. Nilikuwa na bisibisi na tochi, nachokoa chini ya betri, pale zinaposhikia shokamzoba, na kwenye vizingiti vya milango. Injini hubadilishwa kwa siku moja; bodi iliyoliwa na kutu hata ukiichomelea vipi ni kama kushona gunia bovu. Mbili kati ya hizo tano bisibisi ilipenya mpaka mpini.

Kung'oa ndiko kulikokuwa raha. Viti vyote, zulia, dari ya kitambaa, vifuniko vya milango, redio, mitambo yote ya kiyoyozi. Kila kitu nilikipima na kukiandika. Kiyoyozi peke yake, na mabomba yake, kilo 19! Iliyonitesa ni lami ya kuzuia kelele iliyobandikwa sakafuni. Ilinichukua jioni tatu, naipasha moto kidogo kidogo na kuibandua kwa patasi, magoti yamechubuka, nguo zinanuka kama barabara mpya. Mwisho wa yote nikaipima: kilo 6. Mke wangu akaniuliza kwa upole kama nisingeweza kuzipunguza hizo kwa kuacha chapati za usiku. Sikumjibu, maana hesabu yake ilikuwa sahihi.

Jumla niliyotoa ilikuwa kilo 104. Sikugusa vyuma vilivyomo ndani ya milango, ingawa nilishawishiwa nivikate. Hivyo ndivyo vinavyokukinga ukigongwa ubavuni.

Ikaja kazi ya kurudisha, yaani kizimba cha mabomba cha kumlinda dereva gari likipinduka. Fundi wangu ni mzee anayechomelea vizuri kuliko wengi ninaowajua, lakini siku hiyo tulikosana. Alikuwa amenunua bomba la maji, lile lenye mshono kwa ndani.

"Mzee," nikamwambia, "hili litapasuka penye mshono."

"Kijana wangu, mageti ya nusu ya mtaa huu yametengenezwa kwa bomba hili. Umeona geti gani limepasuka?"

"Geti halipinduki, Mzee."

Alinyamaza, akavuta kofia yake mbele, na kwa siku mbili hakupokea simu. Kanuni za FIA, shirikisho la kimataifa la mbio za magari, zinataka bomba la chuma lisilo na mshono, lililovutwa likiwa baridi, na upinde mkuu nyuma ya dereva uwe na upana wa milimita 45 kwa unene wa 2.5, au 50 kwa 2. Pale miguu ya kizimba inapokanyaga bodi, kila mguu uwe na bamba la unene usiopungua milimita 3, eneo lake lisipungue sentimita za mraba 120, ili mguu usitoboe sakafu. Bomba la namna hiyo lilinigharimu karibu robo ya bei ya gari, nikalipeleka mwenyewe. Mzee alilikata, akalitazama ndani, akapitisha kidole. Kuanzia hapo kazi ilikwenda.

Kizimba kilo 34, kiti cha mashindano 8, mikanda 3, mtungi wa kuzima moto 4. Hizo 49 zimerudi. Gari limesimama kwenye 751. Miezi minne ya kazi nimepata wepesi wa kilo 55, uzito wa mwanafunzi wa sekondari.

Siku ya kwanza ya mashindano niliaibika. Nilikuwa nimefunga springi fupi ngumu, kwa kuwa niliziona kwenye magari ya kasi na zinapendeza. Hizo ni za lami. Kwenye udongo wenye matuta, nyuma ya gari ikawa inarukaruka kama mbuzi aliyefungwa kamba. Kona ya tatu niliachia mafuta ghafla, mkia ukanipita, nikajikuta naangalia nilikotoka, vumbi limejaa mdomoni. Dakika 2 na sekunde 19. Kijana aliyekuwa na Starlet ya kawaida kabisa, viti vyake vyote ndani, alinipita kwa sekunde 4.

Nilirudi dukani kwa yule wa nafaka. Safari hii mizani ilisema mbele 480, nyuma 271. Kumbe vitu vingi nilivyong'oa vilikuwa nyuma, na nyuma ndiko kulikokuwa kwepesi tangu mwanzo. Sasa asilimia 64 ya gari ilikuwa imeegemea mbele. Niliishughulikia mizani kwa ajili ya jumla, kumbe ilikuwa inaniambia habari nyingine tangu ile jioni ya kwanza na nimeiandika ukutani kwa chaki yangu mwenyewe.

Tulihamisha betri, kilo 11, ikaenda kwenye buti ndani ya sanduku lililofungwa kwa bolti, waya nene ikapita ndani ya gari mbali na mabomba ya mafuta, na swichi ya kukata umeme pale ninapoifikia nikiwa nimefunga mikanda. Mbele ikashuka karibu na asilimia 62 tulikoanzia. Springi za zamani zikarudi na shokamzoba mpya. Kwa kuwa gari ni jepesi lilinyanyuka kama sentimita moja, jambo ambalo kwenye matuta nalishukuru.

Mara ya tatu kushiriki, njia ileile, nilipata dakika 2 na sekunde 11, wa nne katika kundi letu. Bado kwenye kona za kubana gurudumu la ndani linazunguka bure na kutupa udongo, na dawa yake ni difu ya kubana, ile inayozuia gurudumu moja lisizunguke peke yake, ambayo bei yake sijamwambia mke wangu. Mzee amesema nikiipata nimletee aifunge yeye. Bomba la maji lililobaki ametengenezea geti la kwake.